Mti hauhesabiwi siku ya kupandwa

Kabla hujageuza ukurasa, hebu nikuulize swali moja la uchokozi. Maishani mwako umepanda miti mingapi? Haya, umejibu. Sasa nijibu la pili: kati ya hiyo, mingapi ingali hai?

Usione haya. Hata mimi swali hilo la pili lilinifunga mdomo.

Mnamo tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya wote wapande miti. Mimi nilialikwa katika chuo kikuu kimoja hapa jijini anakosomea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Wakati huo kijana alikuwa wa mwaka wa kwanza, hata njia ya kwenda maktabani hajaizoea. Tulipewa fulana nyeupe zenye maandishi ya kijani. Tulipewa soda na keki. Wakubwa walihutubu, akina mama wa kijiji jirani wakaimba, na sisi wazazi na walezi tukaelekezwa nyuma ya mabweni ambako mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Kazi yangu ilikuwa kutumbukiza mche, kusukuma udongo kwa ncha ya kiatu, kisha kutabasamu mbele ya kamera. Nilipanda sita. Picha yake nikaitundika sebuleni, nami nimewaonyesha wageni wengi, wengine mara mbili.

Basi Februari 2025 nilikwenda kumpelekea kijana blanketi na kumwona hali. Nikamwambia, "Kabla ya yote, nipeleke nikaone miti yangu."

Kijana akakuna kichwa. "Mjomba, jua ni kali. Si tunywe chai kwanza?"

Mtu mzima akikwepeshwa hujua pana jambo. Nikashikilia twende, tukaenda. Lo! Msomaji, nilichokiona ni vijiti. Miche yangu mitano ilikuwa imekauka kauu, na mahali pa wa sita mtu alikuwa amesimika kigingi akafungia kamba ya kuanikia nguo. Kitu pekee kilichokuwa kimesimama imara pale ni kibao cha bati chenye jina la mgeni wa heshima. Hicho hakikuhitaji maji.

CHUO CHA KIJANI

Sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Chuo hicho kina mambo mengi ya kujivunia, na mpwa wangu, ambaye ni mwanachama wa chama cha mazingira, alinizungusha kunionyesha kama mwenye nyumba anayeonyesha mifugo wake. Juu ya paa za madarasa kuna mitambo ya kunasa nishati ya jua. Kando ya kila jengo kuna tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua. Kuna kitalu cha miche. Na kila kona kuna mapipa matatu ya taka yenye rangi tofauti: moja la mabaki ya chakula, jingine la plastiki, na la tatu la taka nyingine kavu.

Mambo haya si mapambo. Elimu ya juu ikiamua kutunza mazingira inaweza kufanya kitu cha maana. Mwaka wa 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, pale Madaraka, kiliweka juu ya mapaa yake mitambo ya jua yenye uwezo wa kilowati 600, kikaonyesha kwamba taasisi ya hapa nyumbani inaweza kujizalishia umeme mwingi bila kungoja mtu wa ng'ambo. Hata hayo mapipa matatu siku hizi si hiari ya chuo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inazitaka taasisi, za umma na za kibinafsi, zitenganishe taka tangu mwanzo na ziweke mapipa ya namna hiyo. Kwa hivyo nilimsifu mpwa wangu, naye akavimba kifua.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukiwa bado tunayatazama yale mapipa, akaja kijana mmoja akisukuma mkokoteni. Akalishika pipa la kwanza, akalimimina mkokotenini. Akalishika la pili, akalimimina juu ya la kwanza. La tatu hali kadhalika. Taka ambazo wanafunzi walizitenganisha kwa uangalifu asubuhi nzima zikakutana tena ndani ya mkokoteni mmoja kama ndugu waliopoteana.

Nikamwuliza yule kijana kwa upole, "Ndugu yangu, mbona unachanganya?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mzee, mkokoteni ni mmoja. Na huko ninakomwaga pia ni mahali pamoja."

"Ni wapi huko?"

Akaelekeza kwa kidevu, nyuma ya mabweni.

Hapo ndipo nilipokata shauri nifuate mkokoteni. Mpwa wangu akanifuata kwa shingo upande.

UPANDE WA PILI WA UA

Nyuma ya mabweni kuna ua wa seng'enge, na katika ua huo pana pengo ambalo kila mwanafunzi analijua na kila bawabu anajifanya halijui. Ukipita pengo hilo unateremka hadi kwenye bonde la kijito, mojawapo ya vile vijito vinavyoungana na Mto Nairobi. Ng'ambo ya kijito ndiko kijiji kilipo, nyumba za mabati zilizobanana. Na ukingoni, upande wa chuo, ndiko mkokoteni unakomwagwa.

Karibu na lile pengo kuna mama mmoja mwenye kibanda. Huuza chapati, ndengu na githeri. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi, kwa maana mkahawa wa chuo si wa kila mfuko. Alipomwona mpwa wangu akacheka.

"Leo umekuja na mzazi? Karibu, baba. Huyu ni mtoto wangu pia. Hula chapati mbili na ndengu, na deni hulipa akitumiwa pesa."

Nikaketi kwenye benchi. Nikaagiza chai, na baada ya maneno mawili matatu nikamwuliza kuhusu miti yangu. Ilikufaje?

"Baba, mimi siwezi kudanganya. Miti hiyo mlipanda kwenye njia ya mbuzi. Mbuzi wetu walikuwa wakipita hapo kabla mabweni hayajajengwa. Halafu mwezi wa kumi na mbili hawa watoto walifunga chuo wakaenda makwao. Januari jua likawaka. Sasa nani alikuwa hapa kunyunyizia maji?"

Sikuwa na jibu. Akajijibu mwenyewe.

"Mimi nilikuwa hapa. Kila siku niko hapa, Krismasi niko hapa, mgomo ukitokea niko hapa. Mngeniomba ningekataa? Lakini hakuna aliyeniomba. Siku ile sisi tuliitwa kuimba. Tuliimba, tukapewa soda, tukafungiwa lango."

Msomaji wangu, nimehudhuria mihadhara mingi juu ya mazingira. Sikumbuki mmoja ulionichoma kama maneno hayo machache.

Naye hakuwa amemaliza. Aliniinua akanionyesha alama ya matope kwenye ukuta wa kibanda chake, imefika kiunoni mwa mtu mzima. Ni alama ya mafuriko ya Aprili 2024, yale mafuriko yaliyoua watu na kuwaacha wengine bila makao katika mitaa mingi ya Nairobi iliyo kando ya mito. Mvua hiyo ilinyesha kila mahali na hakuna chuo kilichoileta. Lakini kijito kile kilikuwa kimezibwa na taka mahali kinapopinda, maji yakakosa njia, yakapanda kwenye nyumba.

"Nilipoteza magunia mawili ya unga," akasema. "Msichana wangu alikuwa kidato cha tatu, akapoteza vitabu vyote. Na maji yalipopungua, unajua tulizoa nini ndani ya nyumba? Vibakuli vya plastiki vya mkahawa wa chuo. Nilivijua. Nimewahi kuosha vyombo huko."

Nilimgeukia mpwa wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, chapati yake haijaguswa.

Hebu tuseme ukweli. Kijito hicho hakiishii hapo kijijini. Kinaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unaingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Kibakuli kinachotupwa nyuma ya bweni Nairobi kina safari ndefu, na njiani kinapita mbele ya milango ya watu wengi ambao hawajawahi kuketi darasani chuoni humo wala kula katika mkahawa wake. Chuo kinachosafisha ndani ya ua wake kwa kuchafua nje hakijasafisha kitu. Kimehamisha tu uchafu kutoka kwa wenye sauti hadi kwa wasio na sauti.

MWALIMU ALIYEJIFUNZA KWA MITI ILIYOKUFA

Jioni ile nikirudi nyumbani ndani ya matatu nilimkumbuka Profesa Wangari Maathai. Vijana wengi wanamjua kama mwanamke wa kwanza Mwafrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka wa 2004. Wanasahau kwamba alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alipata shahada yake ya uzamifu mwaka wa 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati, na huko huko akafundisha anatomia ya mifugo.

Kazi ya miti aliianza kwa sherehe kama ile yangu. Tarehe 5 Juni 1977, siku ya mazingira duniani, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi. Saba tu. Na unajua iliyonusurika ni mingapi? Ni miwili. Mitano ilikufa.

Mtu mwingine angeitundika picha ukutani akaendelea na shughuli zake, kama mimi. Yeye alijifunza. Aliwaendea wanawake wa mashambani, wale wanaotembea mwendo mrefu kutafuta kuni na maji, akawafundisha kuotesha miche wenyewe. Walikuwapo wataalamu wa misitu walioona kwamba kazi hiyo yataka mtu mwenye diploma. Wanawake wakaifanya bila diploma, wakakusanya mbegu katika maeneo yao, wakaziotesha katika makopo yaliyotoboka na vyungu vilivyovunjika.

Na hapa ndipo penye kiini cha makala yangu ya leo. Shirika lake la Green Belt Movement liliwapa wanawake hao malipo madogo, na malipo hayo hayakuwa ya mche uliopandwa. Yalikuwa ya mche ulioshika na kuishi. Anayelipwa kwa kupanda atapanda kisha aende zake. Anayelipwa kwa mti unaoishi atarudi kesho na kesho kutwa, ataufukuzia mbuzi, ataukinga na jua. Kufikia mwaka aliotunukiwa Nobel, miti iliyopandwa kwa mpango huo ilikuwa zaidi ya milioni 30.

Wanafunzi nao wana sehemu yao katika historia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini vipande vya Msitu wa Karura vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda huko kupanda miche, wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta walitoka mabwenini wakaandamana kuutetea msitu, wakakabiliana na polisi. Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo familia za Nairobi zinakwenda Karura Jumapili kutembea na kuendesha baiskeli chini ya miti ambayo ingalikuwa majumba. Wewe unayesoma gazeti hili pengine utawapeleka watoto huko mchana huu. Ukifika, kumbuka kwamba msitu huo ulinusurika kwa sababu mhadhiri, mwanafunzi na mwananchi wa kawaida walisimama upande mmoja wa ua.

BENCHI LA MAMA CHAPATI

Turudi chuoni. Mpwa wangu hakulala usiku ule, aliniambia baadaye. Aliwakusanya wenzake wanne wa chama cha mazingira. Kwanza walitaka kuandaa kongamano, na tayari walikuwa wamechagua rangi ya fulana. Nikawasihi waache fulana. Nikawaambia, nendeni mkaketi kwenye benchi la yule mama, mnunue chai kwa pesa zenu, mwulize maswali, kisha mnyamaze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Walikwenda Jumamosi tatu mfululizo. Mara ya kwanza wanakijiji waliwatilia shaka, wakidhani wametumwa kupima ardhi. Mara ya pili mzee mmoja mfugaji wa mbuzi aliwakaripia hadi wakatamani kukimbia. Mara ya tatu alikuja na kiti chake.

Waliyojifunza hayakuwa katika kitabu chochote cha maktaba yao. Walijifunza kwamba miche mingi ya chuo ilikuwa mikaratusi, na kwamba wanakijiji hawaitaki kando ya kijito kwa sababu hunywa maji kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Wao walitaka mianzi ukingoni ishike udongo, na miparachichi karibu na nyumba ili watoto wapate kula. Walijifunza kwamba wafugaji wa nguruwe wa kijijini hununua chakula cha mifugo kwa bei ghali, huku jikoni mwa chuo makombo ya ugali na maharagwe yakitupwa kila siku mita chache kutoka kwao. Walijifunza kwamba kuna kikundi cha vijana kinachokusanya chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo, nacho kingelichukua pipa la pili bila kulipwa hata ndururu, ilimradi lisichanganywe na la kwanza.

Msomaji, unaona? Chuo kilikuwa na tatizo la taka. Kijiji kilikuwa na haja ya taka hizo hizo. Katikati palikuwa na ua wa seng'enge na watu ambao hawajawahi kuulizana habari.

Hapo vijana walichukua mizani ya kuazima wakapima taka za bweni moja kwa juma zima. Sehemu kubwa ilikuwa mabaki ya chakula, wala si plastiki kama walivyodhania. Wakaandika karatasi mbili, si hamsini, wakampelekea mkuu wa mabweni. Ilichukua miezi na barua nyingi. Mara mbili waliambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Hatimaye mkokoteni wa pili ukapatikana. Leo makombo yanakwenda kwa nguruwe, maganda ya mboga yanaozeshwa kuwa mbolea ya kitalu, na chupa zinachukuliwa na kile kikundi. Zile taka za pipa la tatu ndizo zinazosalia kubebwa na lori.

Na miti? Mvua ya masika ya 2025 ilipoanza, walipanda michache, ishirini tu. Mahali pa kupanda palichaguliwa na mzee wa mbuzi, kwa sababu yeye ndiye anayejua mbuzi wanapita wapi. Kila mti una wazazi wawili: mwanafunzi mmoja na mwanakijiji mmoja. Muhula ukiwapo mwanafunzi ananyunyizia maji. Likizo ikifika mwanakijiji anashika zamu. Pesa kidogo za kuwatunza wanachama walizokuwa wakinunulia fulana, sasa wanampa mwanakijiji kila mwisho wa likizo, kwa mti alioukuta hai. Somo la Profesa Maathai hilo.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Akina mama wa kijiji waliomba jambo moja kubwa kuliko yote: chuo kiwafungulie bomba moja la maji ya kisima chake karibu na pengo la ua, walipie kwa mtungi kwa bei ya haki. Hadi ninapoandika haya hawajajibiwa. Barua iko katika ofisi fulani. Yule mama aliniambia bila hasira, "Baba, wanatuomba tunyunyizie miti yao maji, na sisi maji hatuna." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mpaka bomba hilo lifunguliwe, mimi sitakiita chuo hicho cha kijani, hata mapaa yake yote yakiwaka kwa nishati ya jua.

NENO KWAKO NYUMBANI

Pengo la ua liko pia kwetu nyumbani. Nyani haoni kundule. Wewe na mimi tulilalamika mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, tukadhani tutakufa njaa kwa kukosa cha kubebea nyanya. Hatukufa. Tulizoea vikapu na mifuko ya kitambaa mnamo miezi michache. Kwa hivyo kubadilika tunaweza. Lakini je, unajua taka zako zinakwenda wapi zikitoka langoni? Umewahi kumwuliza yule kijana anayezibeba? Unalijua jina lake?

Mzazi mwenye mtoto chuoni, ukimpigia simu usimwulize tu kama pesa za karo zimefika na kama ameanza kusoma kwa ajili ya mtihani. Mwulize pia jirani wa chuo chake ni nani. Mtoto anayehitimu bila kumjua mtu mmoja anayeishi ng'ambo ya ua wa chuo chake amesoma nusu. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Nawe mwanafunzi, najua una hamu ya kuuokoa ulimwengu. Hamu hiyo ni nzuri, usiipoteze. Lakini anza na mita hamsini. Fuata mkokoteni wa taka wa bweni lako siku moja tu, hadi mwisho wa safari yake. Ukifika huko, salimia watu. Usiende na hotuba wala kamera. Waulize wanahitaji nini, wanajua nini, na wangependa usifanye nini. Hilo la mwisho ndilo watu wengi husahau kuuliza.

Wakuu wa vyuo nao nawapa salamu zangu za heshima. Nchi yetu imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Lengo ni kubwa na nia ni njema. Lakini mkituletea ripoti, tuandikieni safu mbili: iliyopandwa, na iliyo hai mwaka mmoja baadaye. Na wale mnaowaita kuimba siku ya kupanda, waiteni mapema zaidi, siku ya kuchagua mahali pa kuchimba mashimo.

Mimi mwenyewe nimepewa mti mmoja katika ile ishirini. Ni mparachichi. Mzazi mwenzangu ni yule mama wa chapati. Nilipokwenda kuuona mara ya mwisho ulikuwa umenifika gotini, umezungushiwa miiba, na udongo wa chini yake ulikuwa mbichi. Nikamwuliza mama maji ameyatoa wapi. Akasema ni yale aliyooshea mchele.

Picha yangu ya mwaka wa 2023 nimeiondoa ukutani. Watoto wameniuliza nitaweka nini pale. Nimewaambia wangoje, kwa maana mparachichi huchukua miaka kuzaa, na mimi sina haraka tena ya kupigwa picha.

Basi, msomaji wangu, mchana wa leo ukiwa na nafasi, toka ukautazame ule mti ulioupanda. Ukiukuta hai, mshukuru aliyeumwagilia, kwa sababu huenda si wewe. Ukiukuta umekufa, uliza jirani ulikufaje. Nitafurahi kusoma jibu lako. Niandikie kupitia kwa mhariri wa ukurasa huu. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.